Bastola, singe, medali au sarafu: uanze na kipi kukusanya vitu vya vita ukiwa Dar es Salaam

Anayevutiwa na vitu vya vita vya zamani mara nyingi macho yake hutua kwanza kwenye bastola. Luger ya Mjerumani au Webley ya Mwingereza ina mashine ya kuchunguza, ina namba za kufuatilia, na ni nzuri kuitazama. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayeanza, hata hivyo, huo ndio mlango mgumu kuliko yote. Hapa tunaiweka bastola bega kwa bega na vitu vingine vitatu vya Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa kwenye ardhi hii, kuanzia Agosti 1914 hadi Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Vitu hivyo ni singe, medali, na pesa zilizotengenezwa wakati wa vita.

Msimamo wetu tunautoa mapema: anza na pesa za vita. Ukipenda kusoma nyaraka, ongeza medali. Singe ni ya anayetaka chuma na yuko tayari kukitunza. Bastola iweke mwisho, na wengi hawatakuwa na haja ya kufika huko.

Tumetumia vipimo vitatu: sheria inasemaje, mgeni anaweza kutambua kitu feki kwa vifaa vya bei nafuu au la, na kitu kitastahimilije hewa ya pwani. Bei tumeiacha nyuma makusudi. Kitu rahisi kinachokupeleka polisi, au kinachogeuka unga wa kijani baada ya masika mawili, hakikuwa rahisi.

| | Sheria | Kutambua feki | Hewa ya Dar |
|---|---|---|---|
| Bastola | Kibali kwanza, bila mjadala | Ngumu, yataka vitabu na uzoefu | Kutu, tena ndani usikoona |
| Singe | Nyumbani sawa, barabarani matatizo | Wastani | Kutu ya haraka |
| Medali | Nyepesi, isipokuwa mali ya JWTZ | Wastani, nyaraka husaidia sana | Nzuri. Utepe ndio dhaifu |
| Sarafu na noti | Nyepesi kwa za baada ya 1863 | Rahisi kwa sarafu, wastani kwa noti | Fedha nzuri, shaba ya wasiwasi, karatasi ngumu |

Bastola

Hapa Tanzania silaha za moto ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlinzi wa utaratibu ni Jeshi la Polisi. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchukua maneno ya wakusanyaji wa nje na kudhani yanafanya kazi Ilala. Marekani, kwa sheria yao ya shirikisho, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale na hutoka kwenye masharti mengi. Uingereza wana orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, na hata hiyo hubadilika: mwaka 2021 waliondoa aina saba kwenye orodha, ikiwemo ya milimita 10.6 ya Kijerumani. Revolva iliyokuwa pambo la sebuleni London ikawa inahitaji cheti. Kama wenyewe huko kwao wanahamishiwa goli, wewe wa Kinondoni usijenge hoja juu ya sheria yao. Cheti cha nje kinachosema silaha imeharibiwa isifyatuke nacho si leseni ya Tanzania. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na jibu ulipate kwa maandishi. Kuuliza baada ya kununua ni kujipeleka.

Bastola bandia za chuma au plastiki ngumu nazo zisikudanganye kwamba ni njia ya mkato. Bastola bandia zimetumika kwenye uporaji mjini, na askari anayekuona nayo usiku hatasubiri uieleze asili yake.

Basi kwa nini tuzungumzie aina zake? Kwa sababu utakutana nazo kwenye makumbusho, kwenye picha za familia na kwenye minada ya nje, na ni vizuri kujua unachokiona. Nne ndizo zenye maana kwa vita vya hapa.

Reichsrevolver ya Mjerumani ilitoka kwa sura mbili: M1879 yenye mtutu mrefu wa takriban sentimita 18, na M1883 iliyofupishwa hadi karibu sentimita 12. Risasi ni sita, za milimita 10.6. Haina kitoa maganda. Askari alifungua kijilango cha pembeni na kuyasukuma maganda kwa kijiti, moja baada ya jingine. Ni silaha ya polepole na imara kama nyundo. Kwa mkusanyaji wa mambo ya makoloni ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu silaha za zamani ndizo zilizosukumiwa huku. Hata bunduki za askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, mwaka 1914 zilikuwa Mauser za mfano wa 1871, zenye baruti ya moshi iliyomfichua mpigaji papo hapo.

Luger P08 ndiyo maarufu, na ndiyo inayochezewa zaidi. Mtutu wa kawaida ni milimita 102, wa wanamaji milimita 150, wa kikosi cha mizinga milimita 200. Namba kamili iko mbele ya fremu, kwenye kasha la mtutu na kwenye mtutu wenyewe. Tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo. Zisipolingana, umeshika mkusanyiko wa vipuri. Zikilingana kupita kiasi, yaani tarakimu kali zenye kingo mpya kwenye chuma kilichochakaa, zimegongwa upya. Rangi nyeusi ya buluu inayofunika vishimo vya kutu maana yake kutu ilikuja kwanza na rangi baadaye.

Mauser C96, ya mwaka 1896, ina kitako cha duara kama mpini na magazini mbele ya kifyatulio. Wakati wa vita jeshi la Ujerumani liliagiza 150,000 za milimita 9, zikachongwa tarakimu 9 kubwa nyekundu kwenye mbao za kitako zisichanganywe na zile za 7.63. Mbao hubadilishwa kwa dakika tano, kwa hiyo 9 nyekundu peke yake haithibitishi chochote. Kinachopimwa ni mdomo wa mtutu.

Webley Mark VI iliidhinishwa Mei 1915, risasi za .455, mtutu wa inchi sita, na hukunjika katikati kujazwa. Maofisa wa Kiingereza waliibeba. Kasoro yake ya kawaida: nyingi zilizopita Marekani zilipunguzwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za .45 za kule. Aliyepunguza ameondoa chuma, na chuma hakirudi.

Wapi mgeni hukwama? Kutambua vyote hivi kunahitaji kuifungua silaha na kuilinganisha na nyingine. Bila kundi la silaha halali za kulinganisha, unanunua kwa kuamini mdomo wa muuzaji. Ongeza kwamba chumvi ya hewa ya Oysterbay au Kigamboni huingia kwenye springi na ndani ya mtutu, mahali unapopaswa kupafikia kila mwezi. Kwa anayeanza, hapana.

Singe

Singe si silaha ya moto na haikulazimishi kwenda kuomba leseni ya bunduki. Hilo lisikulegeze. Ukiitembeza Kariakoo ikiwa kiunoni au mkononi, ni kisu cha vita mbele ya macho ya watu, na maelezo yako utayatoa kituoni. Isafirishe ndani ya boksi lililofungwa kamba, pamoja na risiti. Kwa ndege ni mzigo wa chini tu.

Za Kijerumani zinazohusiana na vita vya hapa ni ile ndefu ya mfano wa 1871, yenye mpini wa shaba nyeupe na bapa la karibu sentimita 47, na ya 98/05, yenye bapa la sentimita 37 linalopanuka kuelekea ncha. Kwenye mgongo wa bapa tafuta taji, herufi ya mfalme na tarakimu mbili za mwaka, mathalani W na 15. Za Kiingereza ni ya mfano wa 1888, fupi yenye makali pande zote, sentimita 30, na ya 1907 yenye bapa la sentimita 43. Ya 1907 hugongwa taji, herufi GR, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na jina la kiwanda kama Wilkinson au Sanderson.

Feki za singe zina tabia zake. Kuna bapa la kawaida lililochongwa meno ya msumeno mgongoni, kwa sababu singe za msumeno huuzwa ghali. Angalia ndani ya meno kwa lenzi, na kama chuma hapo ni cheupe kuliko bapa, meno ni ya juzi. Kuna herufi K.S. za Schutztruppe zilizogongwa leo kwenye mpini wa zamani. Herufi ya zamani imechakaa pamoja na shaba inayoizunguka, wakati mpya ina ukingo ulioinuka unaoukwaruza ukucha. Na kuna ala isiyo yake. Singe iingie na kutoka bila kulazimishwa wala kuchezacheza.

Utunzaji ndio unaowashinda watu. Usiiache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na chumvi na kuvishika kwenye chuma, na singe iliyokaa ndani kuanzia Machi hadi Mei hutoka na madoa mekundu yenye umbo la mishono. Hifadhi bapa pembeni, ala pembeni. Pangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, ukauke, kisha paka nta nyembamba. Usipake mafuta ya kula. Huganda na kunata vumbi. Msasa na dawa za kung'arishia huondoa alama ambazo ndizo ulizolipia.

Medali

Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana 1914–1918 walipewa medali za Kiingereza, na uzuri wa medali hizo kwa mkusanyaji ni kwamba zimeandikwa. Kwenye ukingo wa British War Medal ya fedha na Victory Medal hugongwa namba, cheo, jina na kikosi, mfano K.A.R. Kwenye 1914–15 Star maandishi yako nyuma. Maana yake unaweza kumtafuta mtu. Orodha za medali za vita hivyo ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, kwenye fungu WO 329, na majina ya waliokufa huhifadhiwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayotunza pia makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo. Wapagazi waliokufa kwa maelfu hawana jiwe la jina kila mmoja, kwa hiyo kukosekana kwa jina si ushahidi wa uongo.

Medali za Vita vya Pili ni jambo jingine. Burma Star walizopata askari wa Afrika Mashariki waliopigana Bonde la Kabaw mwaka 1944, Africa Star, Defence Medal na War Medal 1939–1945 zilitolewa na Uingereza bila jina. Muuzaji akikuambia Burma Star fulani ni ya babu fulani, ushahidi wake uwe karatasi, si medali. Jina lililochongwa nyuma linaweza kuwa limechongwa na mwenye medali kwa sonara mwaka 1950, au na muuzaji jana.

Jaribio la msingi ni la vernia, kifaa cha kupimia kipenyo. Kipenyo cha British War Medal ni milimita 36. Anayetaka kubadili jina hukwangua ukingo kwanza, na kukwangua hupunguza chuma. Pima sehemu sita kuzunguka ukingo, ukipata 35.6 mahali penye jina na 36 pengine, jina limebadilishwa. Herufi za awali ni za kugongwa, zenye kina kimoja na mstari ulionyooka. Zilizokwaruzwa kwa sindano hazifanani kina. Medali ya kuyeyusha na kumwaga hujulikana kwa sura ya farasi iliyolegea kama sabuni iliyotumika, na vijitundu vidogo chini ya lenzi.

Utepe wa zamani ni hariri na pamba. Uangalie gizani kwa tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Ukimeta buluu nyeupe, ni wa kisasa. Utepe mpya kwenye medali ya zamani si dhambi, maana hariri huoza, ila usiulipie kama wa awali.

Upande wa Kijerumani kuna medali ya makoloni iliyoanzishwa mwaka 1912, Kolonial-Denkmünze, yenye vipande vya kubandikwa kwenye utepe vinavyotaja vita. Kimojawapo husomeka Deutsch-Ostafrika 1905/07. Hiyo ni Majimaji. Baadhi ya watu hawataki kuiweka kabatini, wengine wanaona hapo ndipo pa kuiweka, na maelezo yake karibu. Kwa mtazamo wetu ikinunuliwa isitundikwe peke yake.

Mpaka wa sheria kwenye kundi hili ni mali ya jeshi letu. Sare na mavazi yanayofanana na ya JWTZ raia hana ruhusa kuwa nayo. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wasalimishe. Kofia, koti la mabaka na mkanda wa kijeshi kutoka mtumbani si mkusanyiko, hata kama lebo inasema ni vya nchi nyingine.

Sarafu na noti

Hapa ndipo tunapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mgeni anaweza kujifunza bila kuumia sana.

Kwanza tuondoe utapeli. Mjini na mikoani kuna hadithi ya rupia ya Mjerumani inayovuta punje za mchele au kuzima taa, na mnunuzi wa nje anayeitaka kwa mamilioni. Rupie ni fedha na shaba kidogo. Hazivuti mchele, hazivuti hata sumaku. Anayekuomba hela ya majaribio au ya kumlipa mtaalamu wa kuipima ameshakuonyesha biashara yake ni ipi.

Sasa vitu vyenyewe. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba miaka 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na rupie za fedha zenye Kaiser Wilhelm II mwenye kofia ya tai mbele, simba na mnazi nyuma. Pesa 64 zilifanya rupie moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua kazi hiyo na rupie ikawa heller 100. Herufi ndogo A maana yake Berlin, J ni Hamburg.

Kisha vita. Meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani, na mwaka 1916 karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitoka aina tatu zenye herufi T: heller 5 za shaba nyeupe, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba nyeupe, na rupien 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikaisha. Kuna vita vichache vilivyoacha kitu cha mkononi kinachosimulia kizuizi cha bahari waziwazi kama heller 20 ya Tabora, na bado ni kati ya sarafu za Wajerumani zinazopatikana kwa urahisi. Kwa sababu hiyo tunasema ianze yenyewe.

Vifaa vya kuanzia ni vinne: mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, vernia, lenzi ya mara kumi na sumaku ndogo. Vipimo vya kushika kichwani:

Rupie 1: gramu 11.66, milimita 30
Rupien 2 (1893 na 1894 pekee): gramu 23.32, milimita 35
Nusu rupie: gramu 5.83
Robo rupie: gramu 2.92
Heller 1: gramu 4, milimita 20
Heller 5 kubwa ya 1908 na 1909: gramu 20, milimita 37
Rupien 15 ya Tabora: gramu 7.17

Rupie iliyochakaa inaweza kupungua hadi karibu 11.4, ya 10 au 13 irudishe. Kama uzito unakubali lakini bado una shaka, ifunge kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya kikombe cha maji kilichowekwa juu ya mizani iliyosawazishwa sifuri, isiguse chini wala kuta. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha ya rupie hutoa karibu 10.3, kwa hiyo gramu 11.66 husukuma takriban 1.13. Shaba nyeupe iliyopakwa fedha hutoa 8.5. Kwa rupien 15 ya dhahabu mambo ni rahisi zaidi: shaba iliyochovywa dhahabu yenye ukubwa uleule itakuwa na gramu 4 hivi. Halafu linganisha na picha kubwa, ukijua kwamba zipo aina mbili halali, moja pambo la pembeni likiishia chini ya T ya OSTAFRIKA na nyingine chini ya A ya kwanza. Dhahabu hii na rupien 2 ndizo zinazoigwa kupita zote. Mgeni asizinunue barabarani hata akibembelezwa kwa bei nzuri. Bei nzuri ndiyo dalili.

Heller 20 za Tabora zinahitaji jicho tofauti. Zilipigwa kwa haraka, kwenye vipande vya chuma visivyo sawa, kwa hiyo uzito huyumba kati ya moja na nyingine na maandishi mara nyingi hayakutoka vizuri upande mmoja. Hapo kasoro si feki. Feki ni ile iliyo laini na safi kila mahali, yenye mstari wa kuunganishia kuzunguka ukingo.

Kingine kitakachokusumbua ni rupie zilizogeuzwa mapambo. Tafuta doa la risasi ya kulehemu kwenye ukingo wa juu kabisa, au tundu lililozibwa. Thamani hushuka kwa zaidi ya nusu hata likizibwa na fundi hodari.

Noti ni ulimwengu mwingine. Kabla ya vita kulikuwa na zile nzuri za mwaka 1905, ya rupien 5 yenye simba na ya rupien 10 yenye bandari ya Dar es Salaam. Vita vilipobana, Deutsch-Ostafrikanische Bank ikatoa noti za muda kuanzia 1915, za rupie 1 hadi 200, zilizopigwa chapa hapahapa kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Za 1917 ni za porini hasa, zilizopigwa kwa herufi za mpira jeshi likirudi nyuma kusini. Rupie 1 ya tarehe 1 Novemba 1915 ni ya kuanzia. Ipime kwa ile tochi ya zambarau: karatasi ya wakati ule hubaki nyeusi au njano hafifu, karatasi ya leo hung'aa. Chini ya lenzi, chapa ya kweli imebonyeza karatasi, wakati ya kompyuta ni nukunuku za rangi.

Sheria inakugusa kwa njia moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo rupie na noti za vita ziko nje ya kundi hilo. Vijisarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa viko ndani, na utauziwa kwa maneno kwamba ni "vya zamani tu". Kuchimba nako ni kibali. Uwanja wa Mahiwa, walipopigana Oktoba 1917, au kingo za Rufiji ilikozama manowari ya Kijerumani Königsberg Julai 1915, si mahali pa kupeleka kifaa cha kutafutia chuma. Mbali na sheria, chini kuna vilivyoshindwa kulipuka.

Hifadhi ndiyo nusu ya kazi. Usisafishe. Brasso, majivu, ndimu na dawa ya meno huondoa ngozi ya juu ya chuma na pesa yako pamoja nayo. Mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Tumia vishikio vya karatasi ngumu vyenye dirisha gumu. Ukiona doa la kijani la unga linalorudi kila ukilifuta, hiyo ni chumvi ndani ya shaba: itenge mara moja na nyingine, ikae kwenye kikavu. Weka vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, lita 10, pamoja na gramu 50 za chembe za kunyonya unyevu za aina inayobadilika rangi. Zikibadilika, zioke saa mbili kwenye joto la nyuzi 110, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, rudisha. Masika utafanya hivyo kila wiki mbili au tatu, kiangazi mara moja kwa miezi miwili. Noti zikae wima kwenye mifuko migumu, kamwe si fremu ukutani. Ukuta wa Dar hutoa jasho.

Seti ya kwanza tunayoipendekeza: heller 1 ya mwaka wowote kati ya 1904 na 1913, heller 10 yenye tundu, heller 5 kubwa ya 1908 au 1909, robo rupie, heller 20 za Tabora za shaba zote mbili, heller 5 ya Tabora, na noti moja ya rupie ya 1915. Nunua zilizochakaa kwa usawa kuliko zilizong'arishwa. Kwa kila kimoja andika uzito, kipenyo, tarehe, bei na aliyekuuzia, na risiti uitunze mbali na ndoo.

Kama bastola tayari iko nyumbani

Swali hili huja mara kwa mara: mzee amefariki, ndani ya sanduku kuna bastola, pengine na risasi. Usiitembeze kwa mafundi kuuliza thamani, na usiifungue. Usivute kifyatulio "kuona kama inafanya kazi". Silaha ya miaka mia bado inaweza kuwa na risasi ndani. Risasi zilizoota kijani usizisugue. Pistoli nene ya kurushia mwanga nayo ni silaha hadi uambiwe vinginevyo. Funga chumba, nenda kituoni ukiwa mikono mitupu pamoja na mwenyekiti wa mtaa au ndugu mmoja, eleza, waje waichukue wenyewe, na uombe hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2022, lakini usikae na kitu ukisubiri tangazo. Kabla ya kwenda, piga picha ya ilivyolala ndani ya sanduku bila kuigusa, pamoja na barua, mkoba au medali zilizo kando yake. Hivyo vingine vinabaki kwa familia, na mara nyingi ndivyo vyenye jina la mtu.